Vélocio: Mzee wa gia aliyewaonyesha Wafaransa njia za vumbi

Kama unaendesha baiskeli Nairobi, hii unaijua bila kuambiwa. Unatoka nyumbani asubuhi. Mbele yako matatu imesimama katikati ya barabara ikishusha abiria, nyuma lori linakupigia honi, na boda anakupita upande ule ambao hukumtarajia kabisa. Baiskeli iko sawa. Miguu iko sawa. Kinachokosekana ni nusu mita tu ya barabara ambayo ni yako.

Sasa hebu fikiria siku nzima bila honi hata moja. Njia ya changarawe inakatiza katikati ya mashamba ya mizabibu, inapita chini ya miti, inafuata mto, inaingia kijiji chenye kanisa moja na duka moja la mikate, kisha inatoka tena kuelekea mashambani. Unasikia tairi zikisaga mawe madogo na pumzi yako mwenyewe, basi. Huko Ufaransa safari kama hiyo si ndoto. Kuna maelfu ya kilomita za njia ambazo gari halikanyagi, na watu hubeba hema na mkate wakazunguka wiki nzima.

Tamaa hii ya kuchukua baiskeli na kutoroka mji ina mzee wake. Jina alilopewa na wazazi ni Paul de Vivie, lakini ulimwengu wa baiskeli unamjua kwa jina lake la kalamu, Vélocio. Hakuwahi kushinda Tour de France. Hata hakuishiriki. Ila leo ukibonyeza gia kwenye mlima na miguu ikapata nafuu, kuna deni lake hapo. Kaa chini nikusimulie.

Kijana wa hariri

Vélocio alizaliwa Aprili 29, 1853 huko Pernes, mji mdogo wa Vaucluse, kusini mwa Ufaransa. Hiyo ni Provence, nchi ya jua kali, mizabibu, na upepo wa kaskazini unaoitwa mistral. Upepo huo ukikukuta barabarani unakusukuma kama mtu unayemdai. Familia yake ilijiweza, naye akasomeshwa vizuri, akakipenda Kilatini na Kigiriki. Mapenzi yake kwa waandishi wa kale hayakumtoka hadi siku yake ya mwisho, na hapo ninamaanisha siku yenyewe. Tutafika.

Vitabu havikumlisha, lakini. Aliingia kwenye biashara ya hariri, akajifunza kazi, na alipokaribia umri wa miaka 30 tayari alikuwa na biashara yake mwenyewe. Alikuwa na mke na watoto watatu. Yaani kwa hesabu za wazazi wetu, jamaa alikuwa ameshapanga maisha.

Halafu, mwaka 1881, akanunua baiskeli.

Usifikirie baiskeli unayoijua. Hii ilikuwa ile ya zamani yenye gurudumu kubwa sana mbele na kadogo nyuma. Haikuwa na cheni. Pedali zilifungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele, na mwendeshaji alikaa juu kabisa kama mtu aliyepanda ukuta. Tairi zilikuwa mpira mgumu usio na hewa. Ukigonga jiwe unaruka juu ya usukani ukatangulia baiskeli yako mwenyewe kufika chini.

Inasimuliwa kwamba rafiki yake mmoja alimwekea dau la kusafiri kilomita 100 kwa saa sita. Vélocio akakubali, akashika njia ya milimani kuelekea La Chaise-Dieu. Kilichomshika siku hiyo hakikuwa pesa ya dau. Ni ile njia yenyewe: misitu, hewa ya juu, vijiji vinavyotokea kwenye kona bila kukuonya. Treni ilikuwa ikimpitisha karibu na mandhari kama hayo kwa miaka, akiwa nyuma ya kioo. Juu ya baiskeli alikuwa ndani yake.

Kazi ya hariri ikazidi kumsukuma upande huo bila yeye kupanga. Biashara ilimfikisha Uingereza, na huko akaufahamu mji wa Coventry. Huu ulikuwa mji wa watu waliosuka tepe za hariri, lakini miaka hiyo ulikuwa umegeuka kuwa moyo wa viwanda vya baiskeli vya Uingereza. Yaani ni kama uende Gikomba kutafuta mitumba, urudi ukiwa umeona maisha mengine kabisa.

Kuacha kazi nzuri

Mwaka 1887, akiwa na miaka 34, aliacha hariri. Akahamia Saint-Étienne, mji wa makaa ya mawe, bunduki na tepe, akafungua duka la baiskeli. Mwaka huohuo akaanzisha jarida. Lilianza kwa jina la Le Cycliste Forézien, kwa sababu eneo hilo huitwa Forez, kisha likafupishwa kuwa Le Cycliste.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo ninaijua ile sura watu hukupa. Ile ya kukuhurumia na kukuhesabia miaka kwa wakati mmoja. Sasa mfikirie mwanaume mwenye mke, watoto watatu na biashara inayolipa, anawaambia watu wa 1887 kwamba anaiacha ili auze baiskeli na kuandika kuhusu matembezi. Siku hizo baiskeli ilikuwa mchezo wa vijana wenye hela na wazimu kidogo.

Lakini mji ulikuwa umechaguliwa vizuri. Saint-Étienne ilikuwa na mafundi wa chuma kila kona, watu waliozoea kutengeneza vipuri vidogo vya bunduki kwa mikono iliyotulia. Ni huko ambako ndugu wa familia ya Gauthier walikuwa wameunda baiskeli ya kwanza ya kisasa ya Kifaransa mwaka 1886. Fundi anayejua kutengeneza kifyatulio cha bunduki hatashindwa na gia.

Mwaka 1889 Vélocio akatoa baiskeli yake mwenyewe, akaiita La Gauloise. Hii sasa ungeitambua: magurudumu mawili sawa, cheni inayoendesha gurudumu la nyuma. Gia ilikuwa moja tu.

Mtu mwenye kiko

Kusini mwa Saint-Étienne kuna mlima unaopandwa na barabara inayoitwa Col de la République, au kwa jina lingine Col du Grand Bois. Mji uko kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha njia kiko mita 1,161. Ukitaka kutoka mjini kuelekea bonde la mto Rhône na Provence, unapanda hapo. Hakuna mkato.

Hadithi inayosimuliwa zaidi kumhusu Vélocio ilitokea kwenye mlima huo. Alikuwa akipanda na Gauloise yake, amekaza meno, jasho linatiririka, pedali nzito kama jiwe la kusagia. Akapitwa na mmoja wa wasomaji wa jarida lake, kijana aliyekuwa akipanda huku anavuta kiko. Taratibu, bila haraka, moshi unapaa.

Wengi wetu tungefanya nini? Tungekasirika, tungekazana, pengine tungemtafutia jamaa sababu: baiskeli yake nyepesi, yeye mdogo, upepo ulimsaidia. Vélocio alirudi nyumbani akakaa na swali. Je, kosa liko kwenye miguu yangu au kwenye chombo?

Kama umewahi kuendesha Black Mamba ya guka huko mashambani, jibu unalo mwilini. Gia moja ni kama kuwa na jozi moja ya viatu kwa harusi na kwa shamba. Ukiichagua iwe nyepesi kwa ajili ya mlima, kwenye tambarare miguu inazunguka kama ya kuku anayefukuzwa na hufiki popote. Ukiichagua iwe nzito kwa ajili ya tambarare, mlima unakushusha utembee. Mlima unataka gurudumu dogo la meno mbele na kubwa nyuma. Tambarare inataka kinyume chake. Basi baiskeli moja iwe na zote mbili.

Ni rahisi kusema leo. Wakati huo ilibidi kuivumbua hatua kwa hatua. Alianza na magurudumu mawili ya meno mbele, cheni ikihamishwa kwa mkono. Yaani unasimama, unashuka, unachafua vidole, unahamisha cheni, unaendelea. Akaongeza upande wa pili wa baiskeli, akapata mwendo wa aina nne. Akachunguza vifaa vya Waingereza, akachukua vilivyofaa, akaviunganisha na vyake. Alikuwa akivijaribu mwenyewe barabarani, kisha anaandika kwenye Le Cycliste kila kitu: kilichofanya kazi, kilichovunjika, mlima gani, saa ngapi. Mafundi wa Saint-Étienne walisoma, wakaja dukani kuuliza, wakaenda kuunda vyao. Miaka ya mwanzo ya 1900 mji huo ulianza kutoa vifaa vinavyosukuma cheni kutoka meno haya hadi yale huku unaendelea kupiga pedali.

Hakuwa mtu wa kuficha siri za duka. Wengine ndio waliopata hela kubwa.

Vita na mdosi wa Tour

Ungedhani waendesha baiskeli wote walimshukuru. Wapi! Upinzani mkali ulitoka kwa watu wa mbio wenyewe, na mkubwa wao alikuwa Henri Desgrange, mhariri wa gazeti la L'Auto na mwanzilishi wa Tour de France.

Desgrange aliamini kwamba mbio ni za misuli. Kwake, gia zilikuwa mkongojo wa wazee na wasiojiweza, na mwanaume kamili apande mlima na gia yake moja au ashindwe kwa heshima. Alikuwa na gazeti, alikuwa na mbio, alikuwa na sauti iliyofika kila kijiji. Vélocio alikuwa na jarida dogo la mkoani na wasomaji wanaomwandikia barua.

Kisha ukaja ushahidi. Mwaka 1902 chama cha Touring Club de France kiliandaa jaribio la baiskeli kwenye milima ya Pyrenees, na Tourmalet ikiwemo. Hiyo ni njia inayofika mita 2,115, na wakati huo ilikuwa mawe na vumbi tupu. Mwanamke aitwaye Marthe Hesse aliingia akiwa na Gauloise yenye gia. Inasimuliwa kwamba alipanda bila kuweka mguu chini. Tour de France yenyewe haikuthubutu kupeleka wanaume wake Tourmalet hadi 1910, miaka minane baadaye.

Unadhani Desgrange alibadili mawazo? La. Kwa miaka mingi waendeshaji wa Tour walikuwa na gurudumu la nyuma lenye gia moja kila upande. Wakifika chini ya mlima wanasimama, wanafungua gurudumu, wanaligeuza, wanalifunga tena, kisha wanapanda. Wakifika juu, mchezo uleule kinyume. Vidole vimeganda kwa baridi, mvua inanyesha, na suluhisho liko kwenye baiskeli ya mzee fulani anayeenda zake matembezi na mkate kwenye mfuko.

Vifaa vya kubadilisha gia viliruhusiwa kwa waendeshaji wote wa Tour mwaka 1937. Desgrange alikuwa ameshaachia usukani wa mbio zake. Vélocio alikuwa kaburini miaka saba.

Usiku wa Pasaka

Kinachonifanya nimpende zaidi ni hiki: yeye hakuwa akigombania gia ili ashinde mtu. Alitaka afike mbali, arudi akiwa mzima, na kesho yake aende tena. Neno ambalo Wafaransa wanalitumia kwa safari za namna hiyo, cyclotourisme, linahusishwa naye kuliko mtu mwingine yeyote.

Barabara zake hazikuwa za lami. Nje ya miji, Ufaransa ya wakati ule ilikuwa na barabara za mawe yaliyopondwa na kushindiliwa, nyeupe kwa vumbi wakati wa kiangazi, tope wakati wa mvua. Kwa maneno ya leo, alikuwa akiendesha kwenye changarawe kila siku bila kuipa jina. Ndiyo maana alipenda pia tairi nene, wakati watu wa mbio walikuwa wakizidi kupenda nyembamba. Tairi nene inameza mawe. Nyembamba inakuhesabia moja baada ya jingine hadi kwenye mgongo.

Kila Pasaka alikuwa na desturi. Yeye na wafuasi wake waliondoka Saint-Étienne, ambako majira hayo bado kuna baridi na hata theluji milimani, wakapanda Col de la République, wakashuka upande wa pili hadi bonde la Rhône, wakaendelea kusini usiku kucha. Jua lilipochomoza, mandhari yalikuwa yamebadilika: mizeituni, mawe meupe, joto. Alikuwa anarudi nchi aliyozaliwa, kwa nguvu za miguu yake. Usiku haukumtisha. Aliupenda, kwa sababu usiku barabara ilikuwa yake peke yake.

Alikula mboga, hakuvuta sigara, na akiwa safarini alikaa mbali na nyama na divai. Alipigia debe Kiesperanto, ile lugha iliyotungwa ili watu wa mataifa yote waelewane. Jirani yako angemwita mtu wa ajabu, na pengine hangekosea. Lakini ushauri wake wa safari bado unafundishwa hadi leo, kwa sababu ni ushauri wa mtu aliyekosea kwanza akiwa mbali na nyumbani. Kula kabla njaa haijakushika, maana ikishakushika umechelewa. Maji vilevile. Pumzika mara chache na kwa muda mfupi, miguu isipoe. Vaa koti kabla ya kutetemeka, livue kabla ya kulowa jasho. Usijimalize siku ya kwanza ukakosa hamu ya siku ya pili. Na kubwa kuliko yote: usipige pedali ili uonekane.

Hilo la mwisho linatuhusu sana, tusidanganyane. Leo simu inakuhesabia kilomita, inakuonyesha nani kapanda mlima haraka kukuliko, na wiki nzima inaharibika kwa sababu jamaa wa mtaa wa pili amekushinda kwa sekunde tisa. Vélocio alipitwa na mtu mwenye kiko akatoka na wazo. Sisi tunapitwa tunatoka na hasira.

Asubuhi ya Februari

Wakati yeye anazeeka, barabara ilikuwa ikibadilika chini ya magurudumu yake. Alipoanza mwaka 1881 kulikuwa na farasi, mikokoteni na watu wa miguu. Kufikia miaka ya 1920 magari yalikuwa yamejaa, na mjini mtu mwenye baiskeli alianza kusogezwa pembeni. Saint-Étienne pia ilikuwa na tramu zake tangu 1881, mwaka uleule aliponunua baiskeli ya kwanza. Hadi leo mji huo haujawahi kuzing'oa, tofauti na miji mingi ya Ufaransa.

Februari 27, 1930, Vélocio alikuwa na miaka 76. Asubuhi hiyo alisoma Seneca, yule mwanafalsafa wa Roma ya kale, kama alivyozoea. Kisha akatoka na baiskeli yake. Hakuwa ameipanda. Magari yalikuwa mengi, kwa hivyo aliisukuma kwa miguu, kwa tahadhari, kama mzee mwenye busara anavyopaswa kufanya. Akarudi nyuma kidogo kulikwepa gari. Tramu ikamgonga. Akafa.

Isome tena polepole. Mtu aliyevuka milima usiku, gizani, kwenye mawe, kwa karibu miaka 50, aliuawa mtaani kwake mchana akiwa anatembea. Hakufanya kosa lolote. Alifuata kila kanuni ya usalama ambayo wewe na mimi huambiwa: shuka, sukuma, kaa kando, kwepa. Barabara haikumwachia ile nusu mita.

Ndiyo maana mimi sikubali watu wanaposema njia zisizo na magari ni anasa ya watalii wa Kizungu. Mtu mzoefu kuliko wote hakuokolewa na uzoefu. Anayeokoa ni yule anayechora barabara, akaamua kama kuna mahali pa huyu mwenye baiskeli au hapana.

Njia alizoacha

Wafuasi wake hawakukaa kimya. Mnara wa kumbukumbu yake uko kwenye Col de la République, mlima uleule wa kiko. Tangu 1947 kuna safari ya Pasaka yenye jina lake, Flèche Vélocio: kundi la baiskeli tatu hadi tano linaendesha kwa saa 24, si chini ya kilomita 360, kisha makundi yote yanakutana kusini. Hakuna mshindi wa kuvuka utepe. Mnafika, mnakula pamoja.

Na zile barabara nyeupe? Nyingi zilipigwa lami na kukabidhiwa magari. Lakini Ufaransa ilianza kurudisha deni kwa njia nyingine. Reli ndogo za mashambani zilipofungwa, baadhi ya mikoa iling'oa vyuma ikageuza njia zake kuwa za baiskeli. Ukifikiria ni akili sana: treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hivyo mahali reli ilipopita mteremko ni mpole, hata mtoto anaweza. Wanaziita voies vertes, njia za kijani, na tangu 2004 sheria ya barabara ya Ufaransa inazitambua: ni za wasio na injini, wanaotembea na wanaopanda farasi. Gari marufuku.

Kando ya mifereji ya zamani kuna njia ambazo farasi walitumia kuvuta mashua. Canal du Midi, uliofunguliwa 1681, una kilomita 240 kutoka Toulouse kuelekea bahari ya Mediterania, na kando yake unaendesha kwenye udongo na changarawe chini ya kivuli cha miti. Ipo pia ViaRhôna, kilomita 815 kutoka ziwa la Geneva hadi bahari hiyohiyo. Inapita bonde lilelile ambalo Vélocio alilishuka usiku wa Pasaka.

Baiskeli wanazotumia huko siku hizi zina tairi nene na gia nyepesi sana za milimani. Wauzaji wanaziita mpya. Wewe ukiziangalia sasa unamjua mzee aliyezitaka zaidi ya karne moja iliyopita.

Hata hapa kwetu ziko. Tangu 2021 mbio za Migration Gravel Race hukatiza Maasai Mara kwa siku nne, kwenye murram, mawe na mapito ya mifugo, na Wakenya wanashindana humo na wageni. Hakuna hata mmoja wao anayepanda mlima na gia moja kwa ajili ya heshima ya Desgrange.

Wewe huhitaji Ufaransa wala Mara kuanza. Msitu wa Karura una njia za baiskeli ndani, na hakuna matatu inayoingia huko. Nje kidogo ya karibu kila mji wetu kuna murram inayopita kwa mashamba ya watu. Jumapili hii ondoka kabla mji haujaamka. Beba maji na ndizi mbili, kula ya kwanza kabla hujasikia njaa. Ukifika kwenye mlima weka gia nyepesi kabisa uliyo nayo. Na jamaa akikupita, mpungie mkono, umwache aende.